WHISPERS: KICHEKO CHA MZEE ASIYERIDHIKA

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ndugu msomaji, siku moja nawe utafika miaka arobaini na kitu, kitambi kikitangulia mbele na karo za watoto zikikufuata nyuma. Je, utalia au utacheka? Mwandishi mmoja wa hapa kwetu Nyeri alichagua kucheka.

Huyu si mwingine ila Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri mwaka wa 1954. Kwa karibu miaka ishirini, hadi alipofariki Julai 2003, aliandika safu ya Whispers, ambayo wengi waliisoma katika gazeti la Sunday Nation. Najua mwalimu atasema safu si riwaya. Ni kweli, lakini ukizipanga Jumapili zote pamoja unapata hadithi moja ndefu ya kuchekesha, wahusika ni walewale. Yupo Whispers, baba mwenye nyumba. Yupo mkewe, Thatcher, aliyebandikwa jina la waziri mkuu wa Uingereza kwa ukali wake. Wapo watoto, Whispers Junior na Pajero, wanaomwona baba yao mtu wa kale. Na huku mlimani yupo mamake, Appepklonia.

Sasa, mzee huyu ana shida gani? Mfuko mdogo, majigambo makubwa! Anataka kuwa mfalme nyumbani, kumbe amri zinatoka kwa Thatcher. Basi anakimbilia baa kutafuta furaha. Asubuhi furaha imekwisha, shida ziko palepale.

Siri ya ucheshi wake ni kwamba Whispers anajisimulia mwenyewe. Anajisifu, nasi tunaona ukweli nyuma ya sifa. Ndiyo maana hatumcheki kwa dharau. Tunawaona baba na wajomba zetu.

Tena wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na wazee wa Nyeri walitegemea kahawa kulipa karo. Miaka ya tisini wafanyakazi wengi wa serikali wakapunguzwa. Mwandishi mwenyewe alikamatwa mwaka wa 1986 kwa mambo ya siasa akafungwa gerezani, na baadaye akaandika riwaya ya Jail Bugs (1992). Aliyachekesha maisha akiujua uchungu wake.

Wanachama wenzangu mnamkumbuka Utubora Mkulima wa Shaaban Robert, aliyeacha kazi ya mshahara akapata utulivu shambani. Whispers hana pa kwenda. Anabaki na Thatcher wake na madeni yake. Lakini kila Jumapili aliitoa aibu yake hadharani, na wazee wengi wakajua kumbe hawako peke yao. Kwa maoni yangu, kuridhika huanzia hapo, si kwenye gari wala chupa.

Basi likizo hii ukimkuta mzee kanyamaza kibarazani, usimkimbie. Mwamkie, ukae naye, umwombe hadithi. Huenda mkacheka pamoja.