Sare ya Skauti na Adabu Zake

Kila Februari, maskauti kutoka pembe mbalimbali za Kenya hufunga safari hadi Nyeri, lilipo kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefia huko Januari 8, 1941. Huadhimisha siku yake ya kuzaliwa, Februari 22. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa maskauti humaanisha: nimerudi nyumbani. Mbele ya jiwe hilo ni utovu wa adabu kusimama shati likiwa nje na skafu imelegea shingoni. Lakini adabu hiyo haingoji safari ya Nyeri. Inamdai skauti hata akiwa kituoni anasubiri matatu.

Sare ina historia ya usawa. Mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Baden-Powell alipiga kambi na wavulana wapatao 20. Aliwachanganya kwa makusudi: wana wa wenye mali waliosoma shule za ada kubwa, na wana wa wafanyakazi wa kawaida. Tangu uskauti ulipoenea duniani, sare imebeba wazo hilo: ukishaivaa, huulizwi baba yako ni nani. Kwa hiyo nasema wazi kwamba kuvaa sawasawa si kuvaa ghali. Katika shule zetu wapo watoto wengi ambao wazazi wao hawamudu sare kamili, nao huvaa skafu juu ya sare ya shule. Mtoto wa namna hiyo, nguo zake zikiwa safi na skafu imekaa mahali pake, amevaa vizuri. Kiongozi anayemtoa mstarini kwa sababu ya shati ndiye aliyeikosea sare.

Skafu yenyewe haichukuliwi tu, mtu huvishwa. Kijana husimama mbele ya wenzake, akanyoosha vidole vitatu vya mkono wa kulia huku kidole gumba kikifunika kile kidogo, akatoa Ahadi. Vidole hivyo vitatu ni sehemu tatu za Ahadi: wajibu wake kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu, na kuzitii Kanuni za Skauti. Baada ya hapo huvishwa skafu, akapewa mkono wa kushoto, salamu ya ndugu zake wapya. Heshima ya skafu imeenea hata nje ya kambi. Nchini Tanzania, kiongozi wa taifa anapowasili uwanjani siku ya sherehe, mara nyingi kijana humvisha skafu kabla hajaenda jukwaani.

Namna ya kuifunga hufunzwa kwa mikono. Skafu hutandazwa mahali tambarare, ikaviringishwa kuanzia ukingo mrefu kuelekea kwenye pembe, na pembe hiyo ikaachwa ionekane mgongoni. Huwekwa shingoni, ncha mbili zikalingana kifuani, ikabanwa kwa kipete cha ngozi au cha kamba. Unadhifu huu una sababu yake. Mwenzako akivunjika mkono porini, skafu hiyohiyo hufunguliwa ikawa kitambaa cha pembetatu cha kuutegemeza mkono. Skafu iliyochanika, au iliyokunjamana kwa jasho la wiki nzima, itamfaa nini majeruhi? Anayesema "Uwe Tayari", kaulimbiu ya skauti, hana budi kuwa na skafu iliyo tayari.

Beji nazo zina adabu yake. Kila moja husimulia kazi: mafundo yaliyofungwa, huduma ya kwanza iliyofunzwa, usiku uliolalwa kambini. Kushona beji usiyoifanyia kazi ni kusema uongo kifuani, na kanuni ya kwanza ya skauti ni kuwa mtu wa kuaminika. Hata zile shanga mbili za mbao katika uzi wa ngozi ni za watu wazima waliohitimu mafunzo ya uongozi ya Wood Badge, ambayo kozi yake ya kwanza ilifanyika Gilwell Park mwaka 1919. Haziazimwi ili kupigia picha.

Hapa ndipo mzigo unapowaangukia wakubwa. Uskauti wa Kenya una ngazi nne, kuanzia wadogo hadi wakubwa: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Sungura hajifunzi mavazi kwa kusoma mwongozo. Humtazama Jasiri. Jasiri akivua skafu na kujifutia jasho, akiropoka matusi hali amevaa sare, au akimsukuma mama mzee mlangoni mwa gari, Sungura amekwisha kufunzwa. Vivyo hivyo, Jasiri akimpisha mzee kiti, au akiokota takataka uwanjani bila kuamriwa, somo limeingia. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika kundi la skauti walezi ni wengi, wengine wakiwa na miaka kumi na minane tu.

Basi kiongozi na ajikague kwanza nyumbani, kabla ya kulikagua gwaride. Akiona kosa la mdogo wake, amvute kando na amsaidie kuikunja skafu upya, asimwaibishe mbele ya wenzake. Mtoto aliyerekebishwa kwa upole ataivaa sare hiyo kwa fahari, na kesho yake atamrekebisha mwenzake kwa upole uleule.