Kuku wakiliwa usiku: jinsi ya kumtambua adui na kuliokoa kundi lililobaki

Katika vijiji vingi vya Tanzania, Uganda na Kenya, kuku wa kienyeji ndiye akiba ya kwanza ya nyumba. Ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji daftari, na ndiye anayechinjwa mgeni wa heshima anapobisha hodi. Kwa hiyo mlango wa banda unapofunguliwa alfajiri na ndani yakaonekana manyoya na damu, hasara hiyo haipimwi kwa bei ya sokoni peke yake. Kwa wasikilizaji wetu wa Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, hali ni ile ile. Mwewe, kanu na nguchiro hawajui mpaka wa nchi.

Tetea wa kienyeji hutaga takriban mayai kumi hadi kumi na tano kwa mkupuo, kisha huyaatamia kwa siku 21. Kifaranga anayeanguliwa leo huhitaji miezi sita hivi kabla naye hajaanza kutaga. Anayepoteza tetea mmoja, basi, hupoteza pia nusu mwaka wa kungoja.

Sheria haimfidii aliyeliwa kuku

Nchi jirani zimeweka sheria za kuwafariji wananchi wanaodhuriwa na wanyamapori. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, na wananchi wamezoea kuyaita malipo hayo kifuta jasho kwa hasara ya mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kenya iliingiza fidia katika sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, na Uganda katika sheria ya mwaka 2019.

Hata hivyo, sheria hizo zimewalenga wanyama wakubwa na wa hatari, kama vile tembo, simba, chui, nyati na mamba. Kanu anayepenya katika banda la mjane usiku wa manane hayumo katika mpango huo, wala mwewe anayenyakua kifaranga uani. Kwa mfugaji mdogo, ulinzi anaoujenga mwenyewe ndiyo bima pekee aliyo nayo.

Alama husema nani alipita

Hatua ya kwanza baada ya hasara ni kuchunguza kabla ya kusafisha. Kuku wanapotoweka, jambo jepesi ni kumshuku jirani, na ugomvi wa namna hiyo hudumu kuliko kuku wenyewe. Kila adui ana desturi yake, na desturi hiyo huacha alama.

Vifaranga wanaopungua mmoja mmoja mchana, bila damu wala manyoya, kwa kawaida wamechukuliwa na mwewe au kunguru. Kuku aliyeburutwa mchana hadi kichakani huelekeza kwa nguchiro. Kuku kadhaa waliouawa usiku kwa kuumwa shingoni au kichwani, huku mmoja tu akiwa ameliwa, mara nyingi ni kazi ya kanu au kicheche. Mbao zikivunjwa kwa nguvu au shimo likichimbwa chini ya ukuta, mshukiwe nyegere, au mbwa wa mtaani. Mayai yakitoweka mazima, mtafute nyoka au kenge. Maganda yakiachwa yamevunjika, huenda ni panya au nguchiro. Nguchiro mwenye milia hulivunja yai kwa kulirusha nyuma kati ya miguu yake hadi ligonge jiwe. Kuku aliyelalia mayai akikutwa ameliwa papo hapo na kubaki mifupa, siafu wamepita.

Ikiwa kundi zima limetoweka, hakuna hata unyoya ulioanguka na kufuli limefunguliwa, hapo ndipo inapofaa kumfikiria binadamu. Mnyama hafungui kufuli. Na kuku waliokufa bila jeraha lolote hawakuuawa na mnyama: huenda ni kideri, ugonjwa unaoweza kuangamiza kundi kwa siku chache. Hao hawauzwi wala hawaliwi, na daktari wa mifugo apewe taarifa mara moja.

Kwa nini aue kumi na kula mmoja?

Swali hili huwatesa wengi, na wengine hulijibu kwa imani za uchawi au kijicho. Wataalamu wa tabia za wanyama wana maelezo mengine. Mnyama mla nyama huamshwa na mwendo na kelele za windo. Porini, mawindo mengine hukimbia mara moja likishikwa moja, na uwindaji hukoma hapo. Ndani ya banda kuku hawana pa kukimbilia. Wanaruka na kupiga kelele, na kila anayeruka huamsha upya hamu ya kushika.

Jambo hili limeonekana hata mbugani. Mtafiti Hans Kruuk alieleza jinsi fisi wa Serengeti, katika usiku mmoja wa Novemba 1966, walivyowaua swala tomi zaidi ya 80 na kula sehemu ndogo tu ya mizoga. Basi aliyekuta kuku wake wote wamelala chini asidhani kwamba amelengwa na mtu. Tatizo lilikuwa tundu katika ukuta.

Kuziba usiku

Maadui wa usiku ndio wanaomaliza kundi, na ndio wanaozuilika kwa urahisi zaidi. Kanuni yake ni moja: mahali kichwa cha mnyama kinapopita, mwili nao utapita. Kanu ana mwili mwembamba na hupanda ukuta na miti kwa wepesi, hivyo nafasi kati ya ukuta na paa ni hatari kuliko mlango. Wavu mwembamba wa kuku huwazuia kuku wasitoke, lakini hauwezi kumzuia mnyama mwenye meno. Madirisha yahitaji wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyopitisha kidole gumba.

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, kimo cha mita moja hivi kutoka ardhini, huwakinga kuku na unyevu na vilevile na wanyama wanaochimba. Kila nguzo ikivishwa kipande cha bati laini, panya na nyoka hushindwa kupanda. Makopo yenye mafuta machafu ya gari chini ya nguzo huwazuia siafu. Banda lililo ardhini lizungushiwe wavu uliozikwa sentimita 30 au uliolazwa chini kuelekea nje, ili anayechimba akutane nao.

Mlango ufungwe kabla ya giza, kila siku, na kuku wahesabiwe. Hapa usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta unafaa bila fumbo lolote. Mnyama aliyepata mlo hurudi, na mara nyingi hurudi ndani ya siku chache. Tundu liachwalo hadi wikiendi ni mwaliko.

Kulinda mchana

Mwewe huhitaji uwanja wa wazi na kifaranga mdogo. Wiki sita za kwanza ndizo za hatari zaidi. Wafugaji wengi humfungia mama na vifaranga wake ndani ya tenga kubwa au kizimba chepesi, wakawapa chakula na maji humo, na kuwatoa kwa muda mfupi tu penye mtu wa kuwaangalia. Wengine hufunga kamba juu ya ua zikipishana, zikiwa na vipande vya nailoni vinavyopeperushwa na upepo. Vichaka, migomba na mihogo karibu na banda huwapa vifaranga pa kujificha. Wapo pia wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi wasifanane na windo, lakini ujanja huo hausimami peke yake bila kizimba.

Mfugaji ajizoeze pia kusikiliza. Watafiti wamethibitisha kwamba kuku wana mlio mmoja wa kutahadharisha kuhusu adui wa angani na mwingine kuhusu adui wa ardhini. Anayeutambua wa kwanza hutazama juu. Anayeutambua wa pili huchukua fimbo.

Katika miji ya pwani kuna adui mwingine: kunguru aliyetoka India, aliyefikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Dar es Salaam na Mombasa. Hula vifaranga na mayai, pamoja na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Mfugaji hawezi kungoja mipango hiyo, ila anaweza kufunika taka, kwa kuwa taka ndizo zinazowaita.

Sumu hairudishi kuku

Hasira humsukuma aliyepata hasara kutega nyama yenye sumu. Sumu haichagui. Huua mbwa wa jirani, paka wa nyumbani, tai anayesafisha mizoga, na yaweza kufika mkononi mwa mtoto. Mwaka 2018 simba 11, wakiwemo watoto wao, walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na sumu ndiyo iliyoshukiwa. Kanu naye, kwa ubaya wake wote bandani, hula panya wanaoharibu nafaka ghalani. Akiuawa yeye na tundu likabaki, mwingine atakuja.

Baada ya hasara

Jioni ya siku ile ile, waliobaki wakusanywe na kulazwa mahali palipofungwa vizuri, hata kama ni jikoni. Waliojeruhiwa watengwe, vidonda vioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kisha nzi wazuiwe. Matetea wakiacha kutaga kwa siku kadhaa, hiyo ni hofu; wapewe maji, chakula na utulivu. Mizoga izikwe kwa kina au ichomwe, kwa sababu inayotupwa jalalani humfundisha adui njia ya nyumbani. Na kundi jipya lichanjwe dhidi ya kideri: chanjo ya I-2, inayotumika Tanzania na kwingineko, huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi minne.

Watoto waliowazoea kuku kwa majina waelezwe ukweli kwa upole, kisha wapewe kazi ya kuwahesabu waliobaki kila magharibi. Tetea mmoja aliyesalia, akilindwa na mlango unaofungika, anaweza kulirudisha kundi ndani ya mwaka. Kazi ya leo ni kulitafuta lile tundu kabla jua halijazama.