Kupanda Mlima kwa Siku Moja: Mwili, Mteremko na Wenzi wa Safari katika Nchi ya Songwe

Matembezi ya mlimani ya siku moja, yaani safari inayoanza alfajiri na kumalizika kabla ya giza bila kulala njiani, huhesabiwa na wengi kuwa jambo jepesi kwa kuwa hayadai hema, wapagazi wala maandalizi ya wiki nzima; lakini ukiyatazama kwa fizikia na kwa fiziolojia, ambayo ni elimu ya utendaji wa mwili, utaona kwamba yanakusanya katika saa chache mabadiliko ya joto, ya hewa na ya kazi ya misuli ambayo msafiri wa siku nyingi hupata nafasi ya kuyazoea polepole. Ni sehemu chache nchini Tanzania ambako ukweli huu hujidhihirisha kama Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa sababu mji huo uko pembezoni mwa bonde la Rukwa, na bonde hilo ni sehemu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Bonde la ufa hutokea pale ukoko wa dunia unapovutwa pande mbili hadi ukapasuka, sehemu ya katikati ikadidimia na kingo zake zikabaki juu kama kuta. Ziwa Rukwa liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kilele cha Mbeya, kilicho katika safu inayolikabili bonde hilo upande wa kusini-mashariki, kinazidi mita 2,800, na jirani yake Loleza, unaouangalia mji wa Mbeya, unazidi mita 2,600. Tofauti ya mita 2,000 hivi kati ya sakafu ya bonde na kilele ni kazi ya mipasuko hiyo, na si ya volkano; miamba ya Safu ya Mbeya ni ya metamofiki, maana yake miamba iliyogeuzwa umbo na joto na mgandamizo ndani ya ardhi, na umri wake unakaribia miaka bilioni mbili. Volkano zenyewe, Rungwe na Ngozi, ziko upande wa mashariki zaidi, mahali matawi ya ufa yanapokutana.

Mtu anayetoka Mkwajuni kwa miguu hahitaji kufika kwenye vilele hivyo ili akutane na historia ya ardhi. Upande wa Galula, katika kingo za mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa, kuna mawe ya mchanga mekundu ya enzi ya Kretasia ambamo wanasayansi wamechimbua mabaki ya dinosauria wakubwa wenye shingo ndefu waliokula majani, akiwemo Rukwatitan aliyetangazwa mwaka 2014 na Shingopana songwensis aliyetangazwa mwaka 2017. Katika bonde hilohilo, kwenye tabaka changa zaidi zenye umri wa miaka milioni 25, yalipatikana mabaki ya Rukwapithecus, mmoja wa nyani wasio na mkia wa kale zaidi wanaojulikana, aliyetangazwa mwaka 2013. Msafiri akiona mfupa uliogeuka jiwe unachomoza ardhini na auache ulivyo, kwa kuwa mfupa ulioondolewa katika tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya habari ambayo mtaalamu angeisoma hapo.

Majira yanayofaa kwa matembezi haya ni kiangazi, ambacho katika Nyanda za Juu Kusini huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba, kwa kuwa eneo hili lina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kukoma mnamo Aprili. Hata hivyo kiangazi hicho hakina sura moja. Juni na Julai ni miezi ya baridi, ambapo pepo kavu za kusi huleta usiku mkali huko juu, na umande kuganda kuwa sakitu katika uwanda wa Kitulo. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto, ambapo miti ya miombo imekwisha kupukutisha majani, kivuli kimekuwa haba, na moshi wa mioto ya nyika umetanda bondeni hata kilele kilicho karibu kisionekane. Ajabu ya miombo ni kwamba huchipua majani mapya, mengi yao ya rangi nyekundu, kabla hata tone la kwanza la mvua halijaanguka, na anayepita huko mwishoni mwa Septemba huona vilima vizima vimebadilika rangi.

Saa za mchana nazo zinadai hesabu. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, lakini Mkwajuni uko karibu na nyuzi 33, na kwa kuwa jua huchukua dakika nne kuvuka kila nyuzi, utosi wa jua katikati ya Juni haufiki saa sita kamili bali hukaribia saa saba kasoro dakika kumi. Jua hilo huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama baada tu ya saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha giza huingia kwa haraka kwa sababu karibu na ikweta jua hushuka wima, na mwanga wa magharibi hautoshi kumwonyesha mtu njia hata kwa nusu saa. Kundi linalotaka kuwa limeteremka saa kumi na moja lina saa kumi tu mikononi, pamoja na saa za kupumzika na za kupotea njia.

Je, saa kumi zinatosha kwa mwendo gani? Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita nane yenye kupanda mita 900 kwa kanuni hiyo huchukua saa tatu na dakika chache, ambapo karibu nusu ni gharama ya mwinuko peke yake. Ndiyo maana jibu la kilomita humpotosha anayeuliza urefu wa njia ya mlimani; swali lenye faida ni mita ngapi za kupanda, na Naismith mwenyewe alikuwa akimfikiria mtu mwenye afya katika hali ya hewa nzuri.

Gharama hiyo inaweza kupimwa kwa nishati. Mtu mwenye kilo 70 aliyebeba mzigo wa kilo 5 akiinuka mita 1,000, kazi ya kushinda mvutano wa dunia ni kilojuli 735 hivi. Lakini misuli ya binadamu hugeuza kuwa kazi takriban robo tu ya nishati inayoitumia, na robo tatu zinazobaki huwa joto. Kwa hiyo mwili utachoma karibu kilojuli 2,900, ambazo ni kama kilokalori 700, na kilojuli 2,200 kati ya hizo zitatakiwa kutolewa nje ya mwili, la sivyo joto la damu litapanda hadi kiwango cha hatari. Njia kuu ya kuzitoa ni jasho, na lita moja ya jasho inapokauka juu ya ngozi huondoa kilojuli 2,400. Hesabu hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba kila mita 1,000 za kupanda hudai karibu lita moja ya maji kwa kazi ya kuinuka peke yake, kabla ya kuhesabu jua, hatua za kwenda mbele na maji yanayopotea kwa kupumua hewa kavu ya kiangazi. Na jasho linalodondoka bila kukauka halipoozi kitu. Maji yanayonywewa yafuatane na chakula chenye chumvi, mathalani karanga za kukaanga au viazi vya kuchemsha, kwa sababu jasho hutoka na chumvi, na kunywa maji mengi matupu kwa saa nyingi huweza kuizimua chumvi ya damu hadi mtu akaugua.

Mkazi wa Mkwajuni ana faida hapa, kwa kuwa mwili uliozoea joto huanza kutoa jasho mapema, hutoa jasho jingi zaidi na hupoteza chumvi kidogo ndani yake. Faida hiyo hupungua kadiri anavyopanda. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo kilele cha mita 2,800 huwa na baridi ya nyuzi 13 hivi zaidi kuliko ufuko wa Rukwa, na fulana iliyolowa jasho ikikutana na upepo wa kilele huendelea kuondoa mwilini joto ambalo sasa linahitajika. Kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa iliyo juu ya kila eneo, hushuka kutoka takriban hektopaskali 920 ziwani hadi 720 kileleni, maana yake kila pumzi moja ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Upungufu huo haumzuii mtu mzima mwenye afya kufika, ila unamlazimisha kupunguza mwendo, na wachache wanaopita mita 2,500 kwa haraka huanza kuumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu, dalili zinazotulia wakiteremka.

Hapa ndipo ubora wa kupanda pamoja na marafiki unapopata maana ya kisayansi, si ya furaha peke yake. Mwili unaoishiwa maji, oksijeni au joto huathiri kwanza ubongo, ambao ndio ungepaswa kutambua hatari, na kwa hiyo mgonjwa huwa wa mwisho kujua kwamba anaumwa; anayetembea nyuma yake ndiye huona hatua zinapepesuka, ulimi unakuwa mzito au mtu mcheshi amenyamaza ghafla. Mazungumzo yenyewe ni kipimo: anayeweza kusema sentensi nzima bila kukatisha kupumua anatumia misuli yake kwa kiwango ambacho oksijeni inatosha, na anayejibu kwa neno mojamoja amekwisha kuvuka kiwango hicho. Kwa sababu hiyo anayepanda polepole kuliko wote na atangulizwe mbele aweke mwendo. Akiachwa nyuma, hufika mahali wenzake wanapomsubiri wakati wao wamekwisha kupumzika na wanainuka kuondoka, hivyo aliye dhaifu ndiye hukosa mapumziko.

Utafiti umejaribu kupima hata yale yasiyoonekana. Mwaka 2008 Simone Schnall na wenzake walichapisha matokeo kwamba mtu aliyesimama chini ya kilima akiwa na rafiki yake alikadiria mteremko kuwa mdogo kuliko alivyokadiria aliyesimama peke yake, na kwamba makadirio hayo yalipungua zaidi kadiri urafiki ulivyokuwa wa muda mrefu. Wataalamu wengine wamepinga tafiti za namna hii kwa hoja kwamba washiriki huweza kuhisi jibu linalotafutwa. Ushahidi ulio karibu zaidi na mwili ulitoka Oxford, ambako wapiga makasia waliofanya mazoezi kwa pamoja walivumilia maumivu zaidi baadaye kuliko walipofanya mazoezi yaleyale kila mmoja peke yake, jambo ambalo watafiti walilihusisha na endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu. Uvumilivu huo una upande wake wa hatari, kwa kuwa asiyesikia maumivu huchelewa kusimama, na kundi lenye furaha huvuka saa ya kurudi bila mmoja wao kutaka kuwa wa kwanza kulisema. Ni bora saa hiyo ikubaliwe asubuhi, wakati akili za wote ni nzima.

Mahali ambapo njia inakwisha na majabali kuanza, kama ilivyo kwenye vilima vingi vya nchi ya Lupa, mashariki mwa bonde la Rukwa, mpandaji hutumia mikono pamoja na miguu, na kinachomshikilia ni msuguano, nguvu inayozuia vitu viwili vilivyogusana visiteleze. Uwiano wa msuguano kati ya soli ya raba na jabali ukiwa 0.8, soli hiyo hukaa bila kuteleza hadi mteremko wa nyuzi 39 hivi. Ukishuka hadi 0.4 kwa sababu ya changarawe, umande au kuvu zilizoota juu ya mwamba, kikomo huwa nyuzi 22 tu, na mwamba uliopandika kwa urahisi saa tano hauteremkiki salama baada ya manyunyu. Mgeni wa majabali huegemeza kifua kwenye mwamba kwa hofu, na kwa kufanya hivyo miguu yake husukumwa nje. Anayesimama wima huelekeza uzito wake wote kwenye nyayo, ambako msuguano unahitajika. Viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika wakati wote, na jiwe lijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Wenzake wasisimame chini yake kwa mstari mmoja, kwa kuwa jiwe dogo linaloanguka mita 20 hufika likiwa na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa.

Kuteremka ndiko kunakoumiza, ingawa mapafu hayalalamiki. Misuli ya mapaja wakati wa kuteremka hurefuka huku ikijikaza ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli, ambazo maumivu yake hayaji siku hiyohiyo bali hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Mwili hujirekebisha kwa namna ya kuvutia, kwa kuwa mteremko mmoja wa wastani huikinga misuli kwa wiki kadhaa dhidi ya madhara ya mteremko mkubwa unaofuata. Marafiki wa Mkwajuni wanaokusudia Kilele cha Mbeya mwezi Agosti watanufaika zaidi wakishuka vilima vya karibu na nyumbani mwezi Julai, bila haraka na bila mizigo mikubwa, kuliko wakikimbia kila asubuhi katika barabara tambarare.