Asiransi ya motokari: inalinda nani, wewe ao mwenzako?



Mama mmoja wa kikundi chetu aliweka feza za likilimba pamoja na feza za bwana wake miaka mitatu. Wakanunua motokari iliyotumika, ya usukani wa kuume, iliyopitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Asiransi walilipa bila kukosa. Siku moja ya mvua, kwenye njia ya Likasi, motokari ikateleza na kuingia mferejini. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia, lakini sehemu ya mbele yote ilivunjika. Alipopeleka karatasi yake ya asiransi, akaelezwa kwamba ile inalipa mtu uliyemgonga, si motokari yako. Motokari ikabaki uani, na karo za shule zikaenda kwa fundi.

Hakuna aliyemdanganya. Alinunua kitu kimoja akifikiri ni kingine. Basi tuelewane.

Asiransi ya lazima

Katika Kongo, kila motokari inayotembea barabarani inapaswa kuwa na asiransi inayoitwa «responsabilité civile». Ndiyo polisi wa barabarani wanauliza. Ukimgonga mtu, ukuta ao motokari ya mwenzako, kampuni inalipa mahali pako. Hasara ya motokari yako ni juu yako. Hata kadi ya manjano ya COMESA, tunayobeba tukienda Zambia, ni ya namna hiyohiyo.

Asiransi ya motokari yako

Hii haikulazimishwi na mtu. Unaiomba na kuilipia zaidi. Unaweza kuchagua kipande kimoja: wizi, moto, ao vioo. Kuna ya kugongana, ambayo mara nyingi inalipa tu kama motokari nyingine inajulikana. Na kuna «tous risques», iliyo pana kuliko zote: hata ukiteleza peke yako mferejini, inalipa.

Lakini jina «tous risques» lisikudanganye. Kontra nyingi zinakataa kulipa kama shofere hana permi ao amelewa, kama hasara imeletwa na vita ao fujo, ao kama motokari iliyoandikwa ya nyumbani inafanya taksi. Tairi zilizochakaa na mashine iliyozeeka pia si kazi ya asiransi.

Tuhesabu pamoja

Neno «franchise» ni feza unazobeba wewe mwenyewe katika kila hasara. Mfano: garaji inaomba dola 1.500, na franchise yako ni dola 300. Kampuni italipa 1.200. Kama garaji inaomba 250 tu, utalipa zote mwenyewe.

Jambo la pili ni bei ya motokari unayoandikisha. Wengine wanaipunguza ili walipe kidogo. Motokari ya dola 6.000 ukiiandika 3.000, kampuni inaweza kusema umelindwa nusu tu. Kwa ile hasara ya 1.500 itahesabu 750, kisha itoe franchise: utabaki na 450. Faida ya mwanzo imekuwa wapi?

Mbele ya kutia sahihi

Tangu sheria ya 2015, SONAS si peke yake tena. Kampuni zingine zimeingia, na ARCA ndiyo inazisimamia. Hakikisha kampuni imeruhusiwa, kisha uulize: Franchise ni ngapi? Nani ana ruhusa ya kuendesha? Ni hasara gani hamulipi? Nina siku ngapi za kuwajulisha? Omba wakuonyeshe jibu ndani ya kontra, si kwa mdomo tu.

Siku ya aksida, piga picha, ita polisi waandike PV, na ujulishe kampuni upesi. Usipeleke motokari kwa fundi mbele mtumishi wa asiransi hajaiona.

Je, kila mtu anapaswa kuchukua «tous risques»? Hapana. Kwa motokari nzee ya bei ndogo, labda ni vizuri kuweka feza pembeni kila mwezi. Lakini kama motokari ndiyo inalisha nyumba, ao deni lake halijaisha, keti na bwana wako mufanye hesabu. Jioni hii, toeni ile karatasi kwenye kabati muisome pamoja. Ni heri kuijua leo, kuliko kuijua mferejini.