Dhiki ya Mfuko na Azma ya Kuacha Sigara
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza namna nikotini inavyomtawala mvutaji. Leo twaingia katika jambo ambalo waonyaji wengi hulipita kwa haraka, nalo ni deni. Aghalabu husemwa kwamba fukara akipigiwa hesabu ya fedha anazoziteketeza ataacha mara moja, maana ana haja nazo kuliko tajiri. Hoja hii yaonekana timamu, lakini habari za Australia zaishuhudia kuwa ni nusu ya hakika tu.

Huko watafiti wa hali za majumbani huwauliza watu, mwaka baada ya mwaka, maswali yasiyo na haya: ulishindwa kulipa kodi ya nyumba kwa wakati wake? Je, umeme? Uliweka kitu rehani? Ulikosa mlo? Mohammad Siahpush na John Carlin walizichungua jawabu hizo, wakachapisha mwaka 2006 kwamba kadiri dhiki zilivyomwandama mvutaji ndivyo matumaini ya kuacha yalivyopungua, na aliyekwisha kuacha, zikimzidi, alikuwa karibu zaidi na kurejea. Mwaka 2009 Siahpush na wenzake wengine, baada ya kuwatazama wavutaji wa Australia, Kanada, Uingereza na Marekani, wakaona la kustaajabisha zaidi: wenye dhiki ndio waliotamani mno kuacha, ilhali ndio waliojaribu na kufaulu kwa uchache.

Sababu yake ni hii. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa saa 2 hivi, na ikipungua huja wasiwasi na hasira. Mtu huyo huyo ana mwenye nyumba anayebisha hodi. Hawezi kuupambanua wasiwasi wa deni na wasiwasi wa nikotini, basi huwasha sigara, na ule wa pili hutulia. Nafsi yake hushuhudia kuwa sigara imemfariji katika deni, kumbe imeondoa adha iliyoileta yenyewe, na deni lingali pale pale.

Serikali ya Australia iliongeza ushuru wa tumbaku kwa asilimia 25 mwaka 2010, kisha asilimia 12.5 kila mwaka tangu 2013 hata 2020. Siuiti ushuru huo dhuluma. Umewatoa wengi katika mazoea hayo, nami nauafiki. Lakini asiyeweza kutoka huulipa kwa chakula cha wanawe, na dhiki iliyokusudiwa kumtoa humzuia mlangoni. (Kwetu, ambako mwenye duka hufungua pakiti akauza sigara moja moja, hasara hii huchelewa kuonekana.)

Kwa hiyo tabibu amuulize mvutaji anadaiwa nini kabla ya kumuuliza anavuta ngapi, wala siku ya kuacha isiwekwe mwisho wa mwezi, mshahara umekwisha na wadai wamekusanyika.

Sehemu ya tatu itahusu dawa za nikotini za kutafuna na za kubandika, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2009 katika orodha ya dawa muhimu, na nani huzilipia.