Nuru ya Bei Nafuu kwa Mimea ya Majini

Tangi la kioo linalowekwa katika maabara ya shule mara nyingi huanza vizuri na kuishia vibaya. Juma la kwanza maji huwa maangavu na mimea imesimama wima. Baada ya miezi miwili majani yamegeuka manjano, kioo kimefunikwa na mwani, na alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Lawama hupewa maji au chakula cha samaki. Aghalabu kosa ni la nuru: ama imekuwa haba mno, ama imekuwa nyingi kwa muda mrefu mno.

Kwamba mimea ya majini hutegemea nuru ni jambo lililothibitishwa zamani. Mwaka 1779 mganga Mholanzi, Jan Ingenhousz, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa majani yaliyozamishwa majini hutoa vipovu yakiwa juani, na huacha yakiwekwa gizani. Alionyesha pia kuwa kinachofanya kazi hiyo ni nuru ya jua wala si joto lake. Vipovu vile ni vya oksijeni, zao la usanisinuru. Usiku mmea hautoi oksijeni bali huitumia, sawa na samaki. Ndiyo sababu tangi lililojaa mwani huwa na oksijeni kidogo kabisa kabla ya mapambazuko.

Uchukuliwe mfano wa shule iliyoko Gongoni, katika mji wa Tabora. Mji huo uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na kutokana na hilo mwalimu anaweza kupata nuru ya bure akijua kuchagua dirisha. Mchana wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mchana wa Desemba upande wa kusini; lakini katika miezi yote miwili huwa juu sana, yapata nyuzi 62 kutoka upeo wa macho mwezi Juni na nyuzi 72 mwezi Desemba. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini, likiwa chini ya upenu mpana, hupokea mwanga wa anga mwaka mzima bila jua kali la adhuhuri. Dirisha la mashariki au magharibi halifai: miali ya asubuhi au ya alasiri huingia moja kwa moja, maji hupata joto, na mwani hustawi kuliko kitu kingine chochote tangini. Urefu wa mchana nao hautofautiani sana. Kati ya siku ndefu kupita zote na ile fupi kupita zote pana tofauti ya kama nusu saa tu. Mwalimu wa Ulaya hana bahati hiyo.

Hata hivyo, vyumba vingi vya maabara vina giza kuliko macho yanavyodhani. Jua la mchana usio na mawingu hufikia kiasi cha laksi 100,000; ndani ya darasa, hatua chache kutoka dirishani, huenda zisizidi mia chache. Jicho hujirekebisha na halioni tofauti kubwa, lakini mmea huiona. Hapo ndipo taa inapohitajika.

Tuseme tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30, yaani lita 54. Kanuni ya mazoea miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo ni lumeni 20 hadi 40 kwa kila lita kwa mimea isiyo na makuu. Ni kanuni ya kukadiria tu, kwani kina cha maji na umbali wa taa vina uzito wake. Lakini yatosha kuanzia. Balbu mbili za LED za wati 9, kama zile zinazouzwa kwa ajili ya sebule, hutoa jumla ya lumeni 1,600 hivi, yaani karibu 30 kwa lita. Zikiwashwa saa 8 kwa siku, kwa siku 30, hutumia uniti 4.32 za umeme. Balbu mbili za zamani za waya, za wati 60 kila moja, hutoa lumeni 1,400 hivi na kula uniti 28.8 kwa muda huohuo. Wanafunzi wazidishe tofauti hiyo kwa bei ya uniti moja iliyo kwenye risiti ya LUKU ya shule, na jibu wampelekee mkuu wa shule. Tena, sehemu kubwa ya umeme ule wa balbu za waya hugeuka joto, na joto hufukuza oksijeni majini.

Taa ya mrija ya wati 18, ambayo nayo ina urefu wa sentimita 60, ingali nzuri ikiwa shule inayo tayari. Kununua mpya si busara: ina zebaki, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya taa za namna hiyo ifikapo mwishoni mwa 2027.

Zipo pia taa za rangi ya zambarau zinazonadiwa kuwa ni za mimea, na bei yake ni ghali. Hoja ya wauzaji ni kwamba klorofili hufyonza zaidi nuru ya buluu na nyekundu. Ni kweli, lakini haitoshi kuwa sababu ya kuzinunua. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida hutengenezwa kwa LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya nuru hiyo kuwa ya manjano na nyekundu. Basi rangi zote mbili zimo. (LED hiyo ya buluu ndiyo iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014.) Atafutwe muuzaji mwenye balbu nyeupe iliyoandikwa 4000K hadi 6500K, na fedha zilizobaki zinunue karatasi ya alumini ya kubandika ndani ya kifuniko, ili nuru inayopotea juu irudishwe chini.

Taa iliyochaguliwa ipimwe. Kitawi cha Ceratophyllum kiwekwe katika bilauri ya maji yenye baikaboneti ya sodiamu kidogo, na vipovu vihesabiwe kwa dakika, taa ikiwa umbali wa sentimita 10, kisha 20, kisha 40. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, nuru hupungua hadi takriban robo. Vipovu havitapungua kwa kiasi hichohicho taa ikiwa karibu, kwani hapo nuru huwa imezidi na kinachokosekana ni kaboni dioksaidi. Darasa likiligundua hilo lenyewe, limejifunza kwa nini kuongeza taa ya tatu tangini hulisha mwani tu.

Ceratophyllum na Vallisneria, ambayo huota pia katika Ziwa Tanganyika, huridhika na nuru ya kadiri. Wanafunzi wasiingie bwawani kuitafuta mimea hiyo. Konokono wa jenasi za Biomphalaria na Bulinus hukaa katika magugu kama hayo, nao ndio waenezaji wa kichocho. Mimea ichukuliwe na mtu mzima mwenye viatu vya mpira na glavu, ikaguliwe jani kwa jani, na konokono pamoja na mayai yao yaondolewe. Maji ya bwawani yasiyo na konokono yahifadhiwe siku mbili kabla ya kutiwa mkono. Viluwiluwi vya kichocho visivyopata mtu wa kumwingia havidumu muda huo.

Kuhusu umeme, soketi iwe juu kuliko ukingo wa tangi au kando yake, kamwe si chini ya tangi. Waya wa taa uachwe uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni. Na taa izimwe na kuchomolewa kabla mtu yeyote hajatia mkono majini.