Kutengeneza pikipiki ya zamani nyumbani bila kuumia

Wengi wananiona siku ya posho nyuma ya atelye, mikono nyeusi kama mkaa, na wananiuliza: «Unafanyaka nini pale?» Basi leo ninajibu wote mara moja.

Siku hizi pikipiki mpya kutoka Uchina na India zimejaa katika barabara zetu, lakini kwa wazee wetu kungali zile za zamani. Ya kwetu ni Honda CG 125. Honda ilianza kuiuza katika mwaka wa 1976, nao waliifikiria kwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki hana garaji karibu na anasahau kuitunza. Motere yake imeigwa sana katika viwanda vya Uchina, kwa hiyo haya ninayoandika yatamfaa hata yule mwenye pikipiki isiyokuwa ya zamani sana. Ni pikipiki yenye kuvumilia. Inavumilia mafuta machafu, inavumilia vumbi, inavumilia mwenyewe mvivu. Kitu kimoja haivumilii ni kidole.

Ninasema hivi kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa na miaka 11. Baba mdogo, ambaye ni fundi wa kushona nguo, alisimamisha pikipiki kwenye bekiye ya katikati, akawasha motere, akatia vitesi ya kwanza ili gurudumu la nyuma lizunguke lenyewe. Halafu akashika kitambaa chenye mafuta, akakikaza juu ya shene. Wengi wanafanya vile, sababu inakwenda mbio na shene inapakwa yote. Mimi nilikuwa nimeshika gidoni. Akaniambia: «Ongeza gazi kidogo, mutoto.» Nikaongeza. Kitambaa kilishikwa na meno, na mkono ukafuata kitambaa. Alipoteza ncha za vidole 2 vya mkono wa kuume, ule anaoshikia makasi.

Kwa muda mrefu nilifikiri kwamba ningezima upesi zaidi angepona. Lakini tangu tulipojifunza habari ya mwendo katika somo la fizika, nilifanya hesabu, na ninyi pia muifanye. Hata motere ikilia polepole, katika vitesi ya kwanza shene inapita zaidi ya sentimetre 30 kwa segonde moja. Mtu mwenye kushtuka anahitaji karibu sehemu moja ya tano ya segonde kabla mkono wake haujaanza kurudi. 30 mara moja ya tano ni 6. Basi sentimetre 6 za shene zimekwisha kuingia katika meno kabla mwenyewe hajaanza hata kuvuta. Pima kidole chako. Na kitambaa ni kibaya kuliko mkono mtupu, sababu kinajizungusha katika vidole na hakikuachii.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kushika kle yoyote, ni hii: zima motere, toa ufunguo wa kontakti uutie mfukoni mwako (si katika mfuko wa mdogo wako), tia pikipiki katika puamori, kisha chomoa waya wa buji. Waya ule ukichomolewa, hata mtoto akikanyaga kiki kwa mchezo motere haiwezi kuwaka.

Sasa shene yenyewe. Simamisha pikipiki mahali pagumu na pa sawasawa. Kama ni udongo mlaini tia ubao chini ya bekiye. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja ukilishika kwenye mpira, si kwenye sipoki, na mkono wa pili usikaribie meno wakati gurudumu lingali linazunguka. Zungusha kidogo, simamisha, safisha kipande kile kilicho katikati, mbali na meno ya mbele na ya nyuma. Zungusha tena. Ndiyo, inachukua nusu saa. Safisha kwa mswaki wa zamani na petroli ya taa, pangusa, acha ikauke, halafu paka mafuta mazito yaliyo safi. Mafuta yaliyotoka katika motere hayafai ingawa ni ya bure: yana unga wa chuma na mchanga, nayo yanasaga shene badala ya kuilainisha.

Ukiisha kusafisha, angalia kama shene imelegea. Isukume juu na chini katikati, sehemu ya chini: ikicheza karibu sentimetre 2 ni vizuri. Pima mahali mbalimbali, kwa maana shene ya zamani haijalegea sawasawa. Upime pale inapokaza zaidi. Ukivuta gurudumu nyuma, alama za kushoto na za kuume zilingane, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Kama shene ina klipsi, ile klipsi upande uliofungwa utangulie kule shene inakokwenda, na upande wenye mdomo wazi ufuate nyuma. Ukigeuza kinyume, siku moja jiwe litaigonga na shene itatoka njiani.

Nimesema petroli ya taa. Sikusema esanse. Kwetu hivi vitu viwili vinauzwa na kadafi mmoja, katika chupa za namna moja, na rangi haitoshi kuvitofautisha, heri unuse. Mvuke wa esanse unashika moto hata katika baridi kali iliyo chini ya sifuri, lakini petroli ya taa inahitaji joto la karibu digri 38 kwanza. Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango mpaka kwenye babula ambapo mama anapika maharagi, na hapo moto unarudi mpaka kwako kwa njia ile ile. Kwa hiyo ukifungua kabirateri au bomba ya esanse, ufanye nje, funga robine, pasiwe babula wala sigara wala taa ya petroli karibu. Usiku, tumia tochi ao taa ya telefone. Mshumaa hapana hata kidogo. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji yanaipeleka esanse mbali ikiwa ingali inawaka.

Kubadilisha mafuta ya motere si kazi kubwa. Washa motere dakika chache ili mafuta yawe vuguvugu na yashuke na uchafu wake, kisha zima. Yasiwe ya moto sana: yanaunguza mkono, na bomba ya moshi iliyo karibu inaunguza zaidi. (Alama ile ya mviringo kwenye mguu wa ndani, nusu ya walimu wetu wanayo.) Katika motere ya namna hii, nyuma ya kifuniko kikubwa cha chini mna kichujio kidogo cha waya pamoja na resori. Vitaanguka katika beseni pamoja na mafuta; vitafute kabla ya kumwaga, usafishe, urudishe kama vilivyokuwa. Mafuta mapya ni karibu litre moja, mara nyingi kidogo chini yake. Ukipima kwa kijiti, kiingize tu bila kukikaza, halafu soma. Mafuta ya zamani usiyamwage karibu na chemchemi, wala usinawe mikono kwa esanse. Esanse inapita katika ngozi. Sabuni na majivu vinatosha.

Buji itolewe motere ikiwa baridi, kwa maana kichwa cha silinda ni aluminiumu na uzi wake unaharibika upesi. Kwanza puliza vumbi kando kando, lisianguke ndani. Nafasi kati ya ncha mbili iwe milimetre 0,6 mpaka 0,7. Ikiwa ncha ina rangi kama ya biskuti, furahi. Ikiwa nyeusi na kavu, hewa haitoshi: safisha filtri ya hewa kwanza. Sisi wa milimani tunaona buji nyeusi mara nyingi kuliko watu wa bonde, sababu huku juu hewa ni nyepesi na kabirateri inatoa esanse ile ile. Ukirudisha buji, anza kuikaza kwa vidole. Ikikataa, itoe uanze tena, usiilazimishe kwa kle.

Juu ya freni nitasema maneno machache. Ukifungua ngoma ya gurudumu utakuta unga mweusi. Usiupulize kwa mdomo. Viatu vya freni vya zamani vingi vilitengenezwa na amianti, na unga wake ukiingia katika mapafu hautoki; unaleta ugonjwa baada ya miaka 20 ao zaidi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji na ukitupe. Viatu vikiwa vimekwisha, mimi ningempelekea fundi. Ukizifungua mwenyewe hata hivyo, jaribu freni zote mbili uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla ya kushuka mlima wowote.

Neno lingine ni la wakati wa mvua. Watu wanaingiza pikipiki nyumbani na kuiwasha humo ili wasikilize ralanti. Katika ule moshi mna hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, na mtu anafikiri ni malaria ao njaa. Ngojea mvua ikatike, ao sukuma pikipiki mpaka barazani, penye upepo.

Baba mdogo angali anashona. Alijifunza kukata nguo kwa mkono wa kushoto, ilimchukua karibu mwaka mzima, na wakati ule mama mdogo ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza mihogo. Pikipiki ni ile ile. Mwisho wa mwezi tunaisafisha shene pamoja, ufunguo uko mfukoni mwake, na mimi ninazungusha gurudumu kwa mkono.

Mwenye kuwa na ulizo anione siku ya posho kisha saa nane, nyuma ya atelye. Aje na mswaki wake.